Mabruka binti Lakhdari, Aliyezaliwa Kando ya Hekalu

Ndugu, jamaa na majirani, poleni kwa msiba. Kabla jeneza halijatoka, familia imeniomba mimi Monji, kitindamimba wake, niwasomee maisha ya mama yetu. Mwenyewe hakupenda kusifiwa, kwa hiyo nitasema yaliyotokea tu.

Marehemu Mabruka binti Lakhdari Ayari alizaliwa tarehe 11 Machi 1938, Ain Tarfa ya juu, kule kilimani ndani ya magofu ya mji wa Warumi. Nasema ya juu kwa sababu ninyi mliozaliwa huku uwandani, kwenye nyumba za saruji, mnadhani Ain Tarfa ni moja. Baba yake, Mzee Lakhdari, alikuwa mkamuaji wa zeituni. Ukuta wa nyuma wa nyumba yao ulikuwa wa hekalu la Warumi. Kuta tatu zilizobaki zilijengwa na babu zake kwa mawe ya mji ule ule. Mbuzi walilala kwenye hamamu ya kaisari. Harusi zilichezwa kwenye ukumbi wa maonyesho, maana hapakuwa na mahali pengine penye viti vya kutosha.

Alisoma miaka mitatu katika shule ya wasichana ya Wafaransa, iliyokuwa chini ya kilima. Siku moja mwalimu aliwafundisha kwamba Warumi waliujenga mji wa juu, ukastawi, kisha ukafa, na tangu hapo umekaa mtupu. Mabruka akanyoosha kidole.

“Mwalimu, kama ni mtupu, asubuhi mimi nimetoka wapi?”

Alisimamishwa pembeni hadi adhuhuri. Alipotusimulia alikuwa akicheka, lakini kila mara alimalizia kwa kusema kwamba yule mwalimu hakumjibu.

Mwaka 1956, baada ya mavuno ya zeituni, aliolewa na jirani yake, Tijani bin Amara, kibarua wa kuchimbua magofu. Waliooana kwa kupendana walikuwa wachache siku hizo, na wao walikuwa miongoni mwao. Walikaa katika nyumba ile ile ya hekaluni pamoja na Mzee Lakhdari, ambaye hakuwa na mtoto wa kiume. Humo wakazaliwa kaka yetu Khmais na dada yetu Wassila.

Mwaka 1962 wakubwa wa magofu walikuja na kusema kwamba moshi wa matanuri yetu unaharibu mawe, na kwamba watu waliokaa juu ya urithi wa dunia lazima washuke. Tukajengewa huku uwandani, vyumba viwili viwili, vilivyopangwa kama makreti. Mzee Lakhdari alishuka mwezi wa Mei, na kufikia vuli alikuwa amekwisha kufa. Tulimzika kule juu, kando ya wazazi wake. Alikuwa mtu wa mwisho kuzikwa huko.

Kazi ya kubomoa nyumba walipewa vibarua wale wale wa kuchimbua, na baba akiwa mmoja wao. Mama hakuambiwa. Alipanda kilimani kufuata chungu alichokuwa amekisahau, akamkuta mumewe juu ya paa lao, sururu mkononi. Bibi Dhahbia, jirani yetu, ambaye Mungu amempa umri na yupo hapa leo, alikuwa naye na aliyasikia kwa masikio yake.

Mama alisema, “Shuka, Tijani.”

Baba akasema, “Nikishuka atapanda mwingine.”

“Basi na apande mwingine.”

Hakushuka. Alikuwa na watoto wawili, na kazi nyingine haikuwepo. Mama alichukua chungu chake akarudi uwandani, na tangu siku ile hakukaa sinia moja na baba. Alimpikia, alimfulia, alimzalia mimi mwaka 1965, lakini kuskusi ya baba aliitenga peke yake. Sisi tulikula na baba, kisha tukala tena kidogo na mama, ili asionekane hana mtu.

Chini ya nyumba yetu ya juu, ilipokwisha kubomolewa, ilipatikana sakafu ya vijiwe vya rangi, yenye samaki. Ikang'olewa, ikapelekwa makumbusho ya mji mkuu. Pale ilipokuwa pamewekwa kibao: Nyumba ya Samaki, karne ya tatu. Hakuna neno jingine. Wassila alipompeleka mama kuwaona hao samaki, aliwatazama kwa muda mrefu. “Walikuwa chini ya kitanda changu,” alisema. “Hawakutusumbua, na sisi hatukuwasumbua.”

Kwa kazi, mama alikuwa mwoka mkate, na mikono yake ilijaa makovu ya tanuri. Mwaka 2008, wageni wakubwa walipokuja kuusherehekea mji, aliombwa apande kilimani, avae nguo za kienyeji, aoke mkate mbele ya hekalu ili wapige picha. Alimuuliza kijana aliyetumwa, “Moshi siku hizi hauharibu mawe?” Kijana hakujua anaambiwa nini. Mama akamfungia mikate miwili ya moto, akamuaga kwaheri; kilimani hakupanda.

Baba alifariki mwaka 1994. Imamu alipowaomba waliokuwepo wamsamehe marehemu, mama alijibu kutoka mlangoni: “Hakunilaza njaa, wala hakuninyanyulia mkono. Mengine yote nimemsamehe. La nyumba bado.” Wapo waliomlaumu kwa kusema vile mbele ya maiti. Mimi naliweka neno lile hapa kwa sababu ndivyo alivyosema, na hakulibadilisha.

Alipata kiharusi Februari 2019. Ulimi ulikuwa mzito, lakini neno moja lilitoka wazi: nyumbani. Tulipomwambia, “Mama, uko nyumbani,” aligeuzia uso ukutani. Alifariki Jumatano, tarehe 3 Novemba 2021, baada ya sala ya alfajiri, Wassila akiwa amemshika mkono.

Alituusia tumzike juu, kwa baba yake. Khmais alikwenda kuomba ruhusa kwa wakubwa wa magofu, akajibiwa kwa adabu kabisa kwamba ardhi ile inalindwa na haichimbwi na watu binafsi. Basi leo tunamzika uwandani, na nafasi iliyopo ni kando ya Tijani. Msituulize kama angekubali.

Ameacha watoto watatu, Khmais, Wassila na mimi, wajukuu wanane na kitukuu mmoja wa kike. Mwenyezi Mungu amrehemu, amsamehe na amwezeshe kusamehe, na ampe makao ambayo hakuna atakayekuja kumwambia ahame.