Jumamosi ya Merle Hockaday

Wasikilizaji wapendwa, kaeni nami kidogo tumkumbuke Merle Hockaday, mama wa Jumamosi. Merle amefariki. Juzijuzi tu alinisimamisha barabarani kunikemea kwamba redio yetu ina kelele kuliko mashine ya kuvunia ngano. Leo hayupo, nami bado sijazoea.

Kwa miaka mingi Merle alitunza makumbusho ya walowezi hapa kwetu Pindarra, kile chumba cha mawe nyuma ya maghala ya ngano. Plau ya babu yake imo humo. Mashine ya siagi ya bibi yake imo. Watunzaji walikuwa watano, wote wa kujitolea, kila mmoja na siku yake. Colin, Jumanne. Nance Kuhlmann, Alhamisi. Merle, Jumamosi. Wenzake wakafa mmoja mmoja, na kila aliyekufa akaenda na siku yake. Hapa kwetu mtu hachukui zamu ya marehemu. Hakuna aliyeliweka sharti hilo, ila kila mtu analijua. Mwisho ikabaki Jumamosi peke yake.

Halmashauri ikamwambia Merle waziwazi: siku moja haitoshi. Afungue siku tatu kwa wiki, la sivyo vitu vyote vitapelekwa kwenye bohari mjini. Merle akakosa usingizi, hata chakula kikamshinda. Binti yake, Roslyn, ananiambia walibishana mezani mpaka chai ikapoa.

"Mama, Nance amekufa. Hatarudi kukudai Alhamisi yake."

"Najua amekufa. Skonzi za matanga yake nilizioka mimi. Lakini Alhamisi ni ya Nance."

Hata hivyo, Alhamisi moja alijikaza, akachukua ufunguo, akaenda. Mlangoni akakuta wageni, mtu na mkewe, wametoka mbali kutafuta picha ya bibi ya mume, bibi aliyezaliwa hapa. Picha imo, Merle anaijua. Ufunguo anao mkononi. Akaufumbata, akawaambia warudi Jumamosi. Wakasema Jumamosi watakuwa wameshafika kwao, wakaondoka. Merle akabaki garini analia.

Jioni alimwambia Roslyn, "Si halmashauri, mwanangu. Makumbusho nimeyafunga mimi mwenyewe."

Jumatatu iliyofuata moyo wake ulisimama.

Leo ni Jumamosi, wasikilizaji wapendwa, siku ya Merle. Asubuhi nimepita pale, mlango umefungwa. Nikampigia simu Roslyn, maana ufunguo sasa anao yeye. Nikamsihi afungue, hata kwa saa moja tu.

"Siwezi," akasema. "Jumamosi ni ya mama."

Roslyn, poleni sana, wewe na jamaa zako wote. Nasi tuliobaki tutafakari, kwa sababu lori la halmashauri linakuja Ijumaa kuchukua vitu. Nani kati yetu ataiomba Jumamosi ya Merle? Mimi nilikuwa na Roslyn kwenye simu, na neno lenyewe, "nipe mimi," lilikuwa mdomoni. Nikamwambia pole, nikakata simu.