Mbasa Mwenye Mayai

Ndani ya kosta, basi dogo la abiria, Domina alijifanya amesinzia, maana usingizi wa safarini una masikio. Kwenye kiti cha mbele yake, Walburga, muuza samaki wa Lituhi, alikuwa amechungulia samaki ndani ya ndoo ya mzee Wendelini, aliyekaa kando yake. "Huyu mbasa ana mayai, baba. Wakipanda mto kutaga tunawaacha. Tukiwamaliza hawa, wajukuu watakula nini?"

"Maneno ya mke wangu hayo," mzee akasema. "Miaka yote nikimletea mwenye mayai, hapiki. Ananinunia mpaka kesho yake."

"Sasa leo vipi?"

"Ameomba mbasa. Tangu Jumapili hajala. Nimeshinda mtoni, nikapata huyu mmoja tu."

Walburga hakuwa mtu wa kuacha jambo njiani. "Bado si vizuri, baba. Na akiyaona hayo mayai?"

"Haoni tena, mwanangu. Namlisha mimi."

Domina akafumbua macho. Kosta ilikuwa inasimama Ruhuwiko. Walburga akambebea mzee ndoo mpaka mlangoni, akamkabidhi, akasema kwa sauti ya chini, "Hayo mayai usiyatupe. Mpondee. Ni laini, yatapita."