Shule Isifungwe Desemba Hii

Mgeni rasmi, mama yetu, kitu cha kwanza tulichokiona ni vumbi kwenye viatu vyako. Gari umeliacha barabarani, ukapanda kilima cha Kemagutu kwa miguu kama sisi. Karibu sana.

TULIKOTOKA
Sisi ni wasichana wa darasa la jioni. Wengi wetu tuliacha shule baada ya kukeketwa, maana aliyekeketwa huhesabiwa mke mtarajiwa, na ng'ombe wa mahari hawangoji mtihani. Shule zikifungwa Desemba, ngariba ndipo anapoanza kazi.

TULIYOYAONA KWA MACHO
Msimu uliopita mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Nchagwa, hakufunga shule. Alitandika magodoro madarasani, akawaambia wazazi kwamba masomo yanaendelea. Bibi Mokami akaja getini kumchukua mjukuu wake.

"We mwalimu, hawa wote umewazaa wewe?"

"Nimewazaa, bibi. Darasa zima, tena mapacha."

Watu wakacheka. Bibi hakucheka.

"Chekeni tu. Msagane hafungui zizi! Huyu akiolewa hivi hivi, ng'ombe watatolewa na nani?"

Msagane ni msichana asiyekeketwa. Kwetu ni tusi, na mila humkataza hata kufungua zizi la ng'ombe.

Mwalimu akavua miwani. "Mimi hapa ni msagane, bibi. Zizi langu nalifungua mwenyewe kila asubuhi. Na yale maziwa uliyokunywa kwangu juzi yalitoka humo humo."

Mgeni rasmi, hatukuwahi kumsikia mtu mzima akijiita jina lile, mchana kweupe, mbele ya wanaume. Tulisimama kama watu ambao radi imepiga karibu yao na bado wako hai. Bibi akaondoka peke yake. Mjukuu akarudi kwenye hesabu zake.

SHIDA YETU NA OMBI LETU
Wazee wa koo wametangaza msimu mwingine wa kukeketa Desemba hii. Nasi tumeambiwa kambi yetu ya magodoro haina kibali, shule ifungwe kama nyingine. Robi wa darasa la tano, mdogo wake msomaji wa risala hii, ameshanunuliwa khanga za sherehe. Tunakuomba kibali, mama. Unga na dagaa tutaleta, kupika tutapika wenyewe.

Mungu akushushe kilima salama, na nyumba yako isikose maziwa.

Ni sisi, Wasichana wa Darasa la Jioni, Kemagutu.

Nami niliyesoma, Wegesa: siku yangu kwa ngariba sikulia, na ukoo mzima ulinisifu. Mama alipigiwa vigelegele. Sijamwambia mtu hadi leo. Iliniuma.