Tata Tharcisse Tshilumba, fundi wa tangi la Kapata (1941–1993)

Ndugu mlioketi juu ya mizigo yenu hapa kwenye kituo cha treni cha Kolwezi, mimi ni Stany Kalumba, Mkatanga, shemeji yake marehemu, dada yangu ameniomba nisome historia hii, nami nitaisoma haraka, kwa kuwa treni ikifika haitatungoja.

Tata Tharcisse alizaliwa Kisenge tarehe 9 Mei 1941, baba yake akiwa mchimbaji aliyetoka Kasai, nchi ambayo marehemu mwenyewe hakuikanyaga hata siku moja. Alisoma shule ya msingi kulekule, akamaliza ufundi wa mabomba hapa Kolwezi mwaka 1960, na tarehe 5 Februari 1962 akaajiriwa kutunza maji ya wafanyakazi wa mgodi.

Tarehe 18 Juni 1966 alimwoa dada yangu Valérie, sisi tukinung'unika, maana hatukutaka Mkasai nyumbani, lakini Mungu akawapa Falonne na Tatiana, nasi tukanyamaza.

Tangi la maji la Kapata, mtaa wa wafanyakazi wa mgodi, ni la chuma, mabomba yake ni ya shaba, na viwili hivyo vikigusana ndani ya maji, chuma ndicho kinacholiwa, basi marehemu aliweka mpira kwenye kila kiungo visigusane, na ndani ya tangi akafunga pande la zinki liliwe badala ya chuma, akilibadilisha kila mwaka kabla halijaisha. Kwa habari za zinki hiyo alituchosha hata siku ya Noeli.

Mwezi wa Machi mwaka huu, Wakatanga walipomfukuza kutoka Kapata pamoja na Wakasai wengine, aliacha godoro akabeba pande jipya la zinki, asije mtu akaliuza, na Valérie alikasirika sana. Hapa kituoni hakutulia, alisema kila asubuhi, "Tangi itatoboka, na batoto ba Kapata batakunywa nini?" Tulimkataza, Valérie akamficha viatu, naye tarehe 20 Mei akarudi kwenye tangi miguu mitupu. Zinki aliifunga, ila aliposhuka ngazi vijana walimtambua, wakampiga.

Alilala chini ya turubai hili, mbavu zimevunjika, homa ikipanda, akafariki jana, tarehe 2 Juni 1993.

Tunawashukuru waganga na masista waliomtibu kwa dawa chache walizokuwa nazo, wenzake wa kazi waliochimba kaburi, na majirani wa Kapata waliothubutu kuleta maji ya kumwosha, maji safi ya tangi lile, ambayo hata waliompiga wanakunywa leo.

Dada yangu angeweza kubaki, nimemsihi, amekataa, anapanda treni na watoto kwenda kwa watu wa mume wake.

Shemeji, walikuambia utoke Kolwezi, na katika nyumba yako ni wewe peke yako unayebaki. Pumzika kwa amani, hapa kwako.