Bolti ya Lori la Baba

Asubuhi ile, kiti cha mbele yangu basini alikikalia fundi aliyeshika bolti kuukuu, ameiviringisha kitambaani kama yai. Alikuwa akimweleza mama wa pembeni yake, mkerezaji wa vyuma, kwamba analifufua lori la baba yake asiyeona tena, na kwamba bolti iliyo pacha na hii imepotea.

"Madukani umekosa?" mama akauliza.

"Zote ni za milimita, mama, na hii ni ya inchi. Jana nililazimisha mpya. Ikaingia mizunguko mitatu, ikakwama, ikala meno ya nati."

"Umeozesha bila kuuliza ukoo!" Mama akacheka. "Nipe mimi, nitakukerezea mwenzake kabla ya adhuhuri."

"Na hii alama ya kiwanda kichwani?"

"Hiyo siiwezi. Lakini mzee si haoni?"

"Vidole vyake vinaona. Jumapili atalipapasa lori lote, toka taa hadi mkia. Akigusa kichwa laini, atajua."

"Basi mwambie kabla hajagusa."

Fundi akainamia kitambaa chake. "Nimeshamwapia kwamba bolti zote ni zilezile za zamani."

Hapo nilikohoa. Wana wa siku hizi hutanguliza kiapo, kazi ikafuata nyuma ikihema.

Basi likasimama mbele ya karakana ya mama. Mama akainuka, akakunjua kiganja. Fundi akaiweka bolti pale, lakini vidole vyake havikuiachia, na kondakta alikwisha kugonga bati mara mbili, basi liondoke.