Mwambie Baba Yako Ndege Imeondoka

Assalaam alaykum. Na ndugu zangu wa kanisani, Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu, shikamooni. Mmeitikia kwa nguvu, kumbe harufu ya jikoni imeshawafikia. Nitajitahidi nisiwacheleweshe.

Katibu amenisimamisha kwa sababu kila mkutano wa chama chetu hiki cha kufa na kuzikana husikiliza mtu mmoja aliyeangushwa na dunia akainuka. Nikamwuliza, mbona mimi, na sijafiwa? Akasema ndiyo sababu. Ni kweli. Katika chama kizima ni mimi peke yangu niliyewahi kufungiwa turubai la msiba na maiti hakuna. Majina ya waliolileta sitayataja, maana naona wengine wameshaanza kutazama viatu vyao.

Mnanijua, mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani kwangu hapa Dunda. Mwaka juzi mke wangu alipata safari. Mdogo wake ameolewa ng'ambo, akajifungua mtoto wa kwanza, na huko aliko hakuna mtu wa kumkanda maji ya moto wala kumpikia uji wa pilipili manga. Basi mke wangu akaenda kumhudumia mzazi. Mama yao, yaani mama mkwe wangu, akaja kutoka Chalinze kunilelea binti yetu, ambaye alikuwa ameachishwa ziwa karibuni na anajua maneno mawili tu: "maji" na "hapana."

Sasa iangalieni hali yangu. Mama mkwe ni Mkwere wa zamani. Kwake yeye, mkwe wa kiume na mama mkwe hawakai mkeka mmoja, hawali sahani moja, hawatazamani usoni, na hawasemezani ana kwa ana maadamu yupo mtu wa kupitishia maneno. Mtu wa kupitishia maneno alikuwa binti yangu. Mama yuko ndani nyuma ya pazia, anasema, "Mjukuu wangu, mwambie baba yako chai tayari." Mimi niko barazani, namjibu mtoto, "Mwambie bibi yako ahsante, naja." Mtoto anatutazama huku na huku, anasema, "Hapana." Tuliishi hivyo majuma kadhaa, na nyumba ikaenda vizuri, tena kwa heshima kuliko nyumba nyingi za hapa mtaani zenye kelele.

Siku ya mke wangu kurudi nilikuwa napiga pasi shati la kwendea Dar kumpokea. Redio ya mama inasema ndani, kama kawaida yake. Mara nikasikia kwamba kuna ndege imetekwa, imelazimishwa kushuka katika uwanja wa nchi nyingine, mji ambao jina lake nilijifunza siku ile na sitaki kulitaja tena. Wakataja namba ya safari. Namba hiyo nilikuwa nimeiandika kwa chaki ya kushonea ukutani, juu ya cherehani, nisiisahau. Nikainua macho, nikaisoma. Shati likaungua mkononi mwangu, na mimi nimesimama tu nikiitazama chaki.

Ndugu zangu, nawaambia, kuogopa jambo unalolijua ni nafuu. Mimi niliogopa jambo ambalo kila mtu alikuwa na lake la kusema juu yake. Redio ya mama ilitangaza kwamba ndege imeshaondoka uwanjani pale na haijulikani inakokwenda. Nikafungua simu, nikakuta imeandikwa kuwa ndege haijaondoka, iko pale pale, imezungukwa na askari. Shemeji yangu mmoja wa Kerege akanitumia ujumbe wa sauti, anahema, anasema ana habari za uhakika kutoka kwa mtu wa uwanja wa ndege. Nilipombana ni uwanja upi, ikawa ni wa Dar, na mtu mwenyewe ni dereva wa teksi anayeegesha nje ya geti.

Mimi nikashikilia kwamba haijaondoka. Nilijiambia, ikiwa iko chini kuna watu wa kuzungumza nao, kuna maji, kuna daktari, na mlango unaweza kufunguliwa. Ikiwa angani, nani ataifungua? Mama naye akashikilia kwamba imeondoka, na akafurahi. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: ndege ikiondoka huko inakuja huku, basi mwanangu yuko njiani. Kwa hiyo habari iliyonipa mimi pumzi ndiyo iliyomkaba yeye, na iliyompa yeye pumzi ndiyo iliyoniua mimi.

Na tusingeweza kubishana, maana adabu hairuhusu. Ubishi wote ulipita kwa mtoto.

"Mjukuu wangu, mwambie baba yako ndege imeondoka."

"Mwanangu, mwambie bibi yako simu inasema ipo pale pale."

"Maji," akasema mtoto.

Mnacheka. Chekeni, hata mimi leo nacheka. Siku ile sikucheka. Kila alipopandisha sauti ya redio, mimi niliweka simu sikioni ili nisiisikie. Nikaacha kula. Nikaacha kuoga. Mteja alikuja kuchukua suruali yake, nikamtazama kama ninayetazama ukuta, akaondoka na kaptura ya mtu mwingine, na mpaka leo hajairudisha, na yumo humu ndani. Nikakaa chini kwenye sakafu ya baraza nimeegemea cherehani, kidole kinapandisha habari na kushusha. Kila habari mpya niliitafutia dosari kama haikusema ninachotaka. Nilianza kupanga moyoni jinsi nitakavyomlea binti yangu peke yangu. Nilifika huko, ndugu zangu, na mke wangu yu hai.

Wakati huo habari ilikuwa inatembea mitaani kwa miguu yake. Aliyesikia ndege imeondoka akaongeza kwamba imepotea. Aliyesikia imepotea akaongeza bahari. Kesho yake asubuhi nikasikia kilio kikianzia kona ya msikiti kinakuja kwangu, na nyuma ya kilio vyuma vya turubai, viti vya plastiki, na lile sufuria letu kubwa. Ndiyo, nyie. Chama changu. Sijapata kuona mlivyowahi siku ile. Kuna wenzetu wamekufa kwelikweli na turubai likafika baada ya maziko.

Nilipowaona nikaona basi, yamekwisha. Nikajua kwamba ninyi mmejua nisichojua. Nikafunika uso.

Hapo ndipo pazia lilipofunguka. Mama mkwe wangu akatoka. Hakujitanda kanga usoni kama desturi yake akipita mbele yangu. Alipita katikati ya wanaume waliokuwa wanasimamisha vyuma, akawaambia turubai lifungwe tu, jua kali na kivuli ni sadaka, na sufuria libaki. Lakini aliyekuja kulia akalie kwake, kwa sababu nyumba hii haina msiba, ina mgeni anayesubiriwa. Yule dada aliyekuwa analia akanyamaza katikati ya neno.

Kisha akaja akasimama mbele yangu. Nikasubiri aite mtoto. Hakuita.

"Mwanangu," akaniambia, na ananitazama usoni. "Redio nimezima. Nilishikilia kwamba imeondoka kwa kuwa naogopa. Wewe umeshikilia haijaondoka kwa kuwa unaogopa. Hakuna anayejua kati yetu. Hizo ni habari za ndege, na mimi sina mtoto anayeitwa ndege. Simu iache iweze kuita, hayo mengine yafunge, unawe, ule."

Mikono yake ilikuwa imeusokota upindo wa kanga mpaka umekuwa kamba. Sikuwahi kuiona mikono ya mama mkwe wangu kwa karibu, kwa sababu sikuwahi kuthubutu kutazama. Nikaona kumbe kule nyuma ya pazia alikuwa ameshikwa na hofu kama nilivyoshikwa, ila mimi nilikuwa na simu ya kujifichia. Nikalia, sioni haya kulisema. Alinisubiri nimalize, akaninawisha kama mtoto, akaketi mkeka mmoja na mimi, tukala ugali na kisamvu sahani moja. Wakwere waliokuwapo waligeuza nyuso zao. Mmoja aliniambia baadaye kwamba alidhani dunia imefika mwisho.

Tulipomaliza akasema mgeni hapokelewi na sufuria tupu. Akamwaga mchele mliouleta wa msibani kwenye nyungo, akanipa ungo mmoja, nasi tukachambua. Waliokuja kunizika kwa machozi wakakaa nasi wakachambua mchele. Akili yangu, iliyokuwa inaruka kutoka nchi hii kwenda nchi ile, ikashuka kwenye ungo. Unatoa kijiwe, unatupa. Unatoa kapi, unatupa. Na tukaanza kusimuliana habari za mke wangu, mama akanieleza alivyokuwa mtundu utotoni, mambo ambayo nimeishi naye miaka na sikuyajua.

Simu iliita adhuhuri, namba ndefu ya kigeni. Nikaiweka sauti ya nje.

"Mume wangu, ni mimi. Wametutoa. Niko salama."

Sasa mwanamume mwenye akili zake angesema alhamdulillahi. Mimi, mbele ya chama kizima, nikamwuliza, "Hivi ndege iliondoka au haikuondoka?"

Akasema iliondoka, ikaruka, ikazunguka, kila ilikobisha hodi wakaikatalia kushuka, ikarudi pale pale ilipokuwa. Basi redio ilisema kweli na simu ilisema kweli, kila moja kwa saa yake, na mimi na mama tulikuwa tumejiua bure. Akauliza, "Mama yuko wapi?"

"Niko hapa, mwanangu," mama akajibu. "Nimekaa na mumeo mkekani."

Hapo sauti ya mke wangu, aliyetoka mikononi mwa watu wenye silaha bila kulia, ikaanza kutetemeka. "Mkeka mmoja? Jamani, nyumbani kuna nini? Nani kafa?"

Turubai nusura lianguke kwa kicheko. Na mchele ule ule ndio uliopikwa pilau siku aliyofika, chini ya turubai lile lile, na walioila ni nyie, tena mlirudia sahani.

Nawashukuru. Nawatania kwa sababu nawapenda. Mlikosea siku, lakini mlikuja, na mwenye hofu akiona watu wamejaa uani kwake, hata wakija kwa kosa, hofu inapungukiwa na nafasi. Neno langu kwenu ni dogo. Ukiwa na mtu wako njiani na habari zikagongana, usichague ile inayokufurahisha ukajifungia nayo. Hizo zote ni habari za ndege. Mtafute mwingine aliye nyumbani humo anayeogopa kama wewe, hata kama desturi imeweka pazia katikati, mkae naye, mpate kazi ya mikono, mngoje sauti ya mtu wenu mwenyewe.

Nina jambo moja limebaki. Jioni ya siku aliyofika mke wangu, nilikuwa barazani nimejiandaa kumshukuru mama mkwe wangu. Nikasikia kutoka nyuma ya pazia: "Mjukuu wangu, mwambie baba yako chai tayari." Mlango ukafungwa hivyo, kwa adabu, na sijapata tena nafasi ya kulisema neno lile uso kwa uso. Na leo amekuja kututembelea. Yupo pale nyuma, safu ya akina mama, amejitanda kanga, na mimi najitahidi nisitazame upande ule.

Binti yangu, wewe sasa unajua maneno mengi. Inuka, pita taratibu usikanyage watu. Nenda mwambie bibi yako, baba anasema ahsante, mama yangu. Na leo usiseme hapana.