Évariste Kambale na Jina Alilomwazima Ndugu Yake

Wachungaji, wazazi wa hapa Turffontein, ndugu na marafiki, mimi ni Jocelyne, dada mdogo wa marehemu, familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yetu, na leo sitampaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

Évariste Kambale alizaliwa Butembo, Kivu ya Kaskazini, tarehe 14 Machi 1970, akasoma hapo hapo mpaka akapata diploma ya serikali ya kumaliza sekondari mwaka 1990, akafundisha shule ya msingi, vita ikamtoa, akaingia Johannesburg mwezi Agosti 2003. Alianza kwa kulinda mageti, baadaye akanunua kombi, akawa anawapeleka watoto wa hapa shuleni, na kwa miaka yote hiyo hakugonga hata kuku. Tarehe 9 Desemba 2006 alifunga ndoa na Angélique, Mungu akawapa Gradi na Murielle, ambao baba yao aliwasemesha Kiswahili, wao wakamjibu Kizungu, na nyumba ikaelewana.

Mwaka 2015 alimpokea Gaston, mtoto wa baba yetu mdogo, aliyefika bila karatasi za ukaazi. Sisi Wakongo wa hapa tuna desturi, mwenye karatasi humwazima jina asiye nazo, basi kaka akachukua kwa jina lake kitanda, friji na simu, vyote vya Gaston, vya kulipwa kidogo kidogo. Gaston alilipa mpaka alipopata kazi nzuri Midrand, kisha akahama na vitu, akabadilisha namba, deni likabaki kwa jina la kaka. Shukrani ya punda ni mateke.

Mwezi Februari 2017 kampuni ya bima ikapandisha malipo ya kombi karibu maradufu, kaka akaenda kuuliza, akaambiwa kwamba wanaangalia pia jinsi mtu anavyolipa madeni yake, na jina lake limechafuka. Mtu yule wa upole aliwauliza, "Mimi nimemgonga nani?" Hapa kanisani tulibishana Jumapili nzima, mzee André akisema kampuni lazima iwe na kipimo, na mzembe wa madeni huenda ni mzembe hata barabarani, wengine tukimuuliza kitanda na breki vina undugu gani. Hasira hiyo ninayo hadi leo.

Malipo yakamshinda, bima ikakatika, na tarehe 3 Septemba 2018 kombi ikaibwa Rosettenville, ikapotea hivyo hivyo. Kaka akarudi kwenye mageti, presha ikapanda, kiharusi kikamwangusha mwezi Aprili, na tarehe 11 Mei 2019 akatutoka. Kilichomuumiza si kombi, ni kuitwa mtu asiyeaminika, ilhali ndugu aliyeweza kulisafisha jina lile alikuwa hapatikani kwa simu.

Hospitalini alituomba tusimtaje Gaston, akisema damu ni nzito kuliko maji. Maisha yangu yote nimemtii kaka, leo nimeshindwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, na walinzi wenzake waliomshikia zamu alipougua. Gaston naye yupo, amekaa mstari wa mbele, analia kwa sauti kuliko mjane. Ndugu yangu, asante kwa kufika, lakini jeneza la kaka usiliguse, watalibeba wazazi waliomkabidhi watoto wao.

Kaka Évariste, upumzike kwa amani tuliyokunyima sisi wa damu yako.